Springi za Barafu na Vidole vya Baba

Nyinyi vijana mnaokuja kula kwetu Al Rayyan kila Ijumaa baada ya ibada, mnaoacha viatu mlangoni kama mitumba iliyomwagwa, haya ni yenu. Mkikutana mnaulizana habari za kibali cha ikama, habari za ovataimu, habari za nani ametumiwa tikiti. Habari za mwili hamuulizani. Mkiulizwa mnasema, "Niko fiti." Mimi nilizaliwa na mtu aliyekuwa fiti hivyo hivyo. Alikuwa baba yangu. Nilikaa miaka mingi sijamwaza vizuri, mpaka mchana mmoja hapa hapa Doha, barabara zote zimechimbwa, jua linachoma mpaka bomba la maji baridi linatoa chai, nikamkumbuka kwa sababu ya vijiwaya vya kuvulia samaki kwenye barafu.

Vijiwaya hivyo vililetwa na Kevo, yule mlinzi wa stoo kule Industrial Area, mwenye kicheko cha mlango usiotiwa mafuta. Mzigo ulikuwa umekuja kimakosa, wa watu wa nchi za baridi, na hapa hakuna wa kuununua. Mudiri wao, yule bosi, akasema anayetaka achukue. Kevo akachukua boksi zima, akalileta kwa mwanangu Elisha, maana Elisha akimaliza kuendesha basi la kampuni yao hiyo wiki nzima, starehe yake ni kwenda kule pwani kupita Umm Salal, akae juu ya mawe avue.

"Shosho, cheki hii," Kevo akaniambia, akamwaga pakiti juu ya mkeka. "Hii ni ya kuvua kwa barafu. Wazungu wanatoboa shimo kwa ziwa imeganda, wanakalia ndoo, wanangoja."

Mjukuu wangu Neema, wakati huo ana meno mawili ya mbele hayapo, akauliza, "Barafu ya kwa friji?"

"Ya ziwa nzima. Mpaka gari inapita juu."

"Dani, anadanganya!" akaniita nyanya kwa lugha ya kwetu.

"Nyamaza tumsikilize akimaliza kudanganya," nikamwambia.

Elisha alicheka. "Sasa Kevo, hapa Doha utatoboa nini? Lami?"

Lakini mwanangu si mjinga. Aliona kuna kitu. Fimbo zilizokuja na vijiwaya zilikuwa fupi, si ndefu kuliko mwiko wa ugali mara mbili, na kwenye ncha unachomeka kijiwaya chenyewe, springi nyembamba yenye tundu mwishoni, uzi unapita humo. Samaki akigusa tu, springi inainama. Na samaki anayemsumbua Elisha ni yule wanayemwita safi, watu wa pwani yetu wanamwita tafi, ana kimdomo kidogo kama cha mtoto anayekataa dawa. Anakula donge lako la unga lote na wewe hujui kama alipita.

"Mama," akaniita, "wewe ni mtu wa ziwani. Kuna za njano, kuna nyekundu, kuna hizi nyeusi. Tuchague ipi?"

Nikashika pakiti moja. Ilikuwa na picha. Mzungu kavaa makoti matatu, kakaa juu ya ndoo, kainama, anatazama shimo. Nikacheka peke yangu. Mtu yule nilimjua. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu yule nikiwa na umri wa Neema, ila bila koti.

Nikawaambia walete donge la unga la ukubwa anaoutumia Elisha siku zote, na ndoano yake. Tukachomeka springi moja moja, tukaning'iniza. Ya njano ililala chini kabisa kama mgonjwa. Nyeusi ilisimama wima, hata haikujua kama imebebeshwa kitu. Nikawaambia hizo zote mbili wekeni kando. Nyekundu iliinama kidogo, kama mtoto anayemwamkia mkubwa. "Hiyo," nikasema. "Samaki akivuta, itashuka. Na akilinyanyua donge kwa chini, itapanda. Ile iliyosimama haiwezi kukuambia samaki amenyanyua. Na iliyolala haina la kukuambia."

"Shosho ni injinia," Kevo akasema.

Elisha akaanza kuifunga ndoano kwenye uzi, anaongea na Kevo habari za mpira. Neema ndiye aliyeona. "Baba, damu."

Ndoano ilikuwa imeingia kwenye nyama ya kidole cha shahada, imezama mpaka kwenye mpindo. Elisha akatazama kidole chake kama mtu anayetazama kidole cha jirani. Akaichomoa. Hakukunja hata uso.

"Mkono wa dereva huu," akasema. "Ngozi ya tairi."

"Chuma!" Kevo akapiga makofi.

Na Neema akaruka juu ya mkeka, akaimba: "Baba haumii! Baba haumii! Baba ni simba!"

Wote wakacheka. Mimi maneno yale nilikuwa nimeyasema kabla yake. Si kwa wimbo huo, lakini ni hayo hayo.

Kwetu ziwa halina ukingo wa kueleweka. Huwezi kusema nchi imeishia hapa, maji yameanzia hapa. Katikati kuna mafunjo yaliyoshikana mizizi kwa mizizi mpaka yakawa kama godoro lililotandikwa juu ya maji. Mtu mwepesi anatembea juu yake. Kila hatua inabonyea, na maji baridi yanapanda kukulamba vidole vya miguu. Mtu mzito anaweka ubao, au analala kifudifudi. Baba alikata shimo kwa panga, la duara kama mdomo wa chungu, na humo ndimo tulimovulia mumi na kamongo, kwa ufito mfupi kama fimbo hizo za Kevo. Harufu ya lile shimo bado ninayo puani: matope, majani yaliyooza, na kitu kama chuma kilicholowa.

Mwanamke kwetu hakutakiwa hata kuruka ufito wa mvuvi, sembuse kuushika. Siku ya kwanza Baba aliponichukua, nyanya yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Utatuletea mkosi hapa! Wavulana wameisha nchi hii?"

Baba akajibu, "Huyu ni mwepesi, Mama. Mafunjo yanambeba."

Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa, na ndiyo niliyoiamini. Nilijivunia wepesi wangu mpaka nikawa nakula kidogo makusudi nisije nikanenepa nikaachishwa kazi.

Baba alikuwa na kopo la tumbaku, na ndani yake kulikuwa na vitu alivyoviita wajumbe. Kulikuwa na uti wa jani la ukindu, mwiba wa nungunungu, pembe ya ng'ombe iliyokwanguliwa kwa kioo mpaka ikawa nyembamba kama ukucha, uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, na kipande cha springi ya saa ya mezani ambacho hakuna aliyejua alikitoa wapi. Mjumbe anafungwa kwenye ncha ya ufito, uzi unapita kwake. Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kuchagua. Baba hakuchagua mwenyewe hata siku moja. Alinipakatisha kopo, akasema, "Leo kuna upepo, chambo ni minyoo miwili. Nipe wa leo." Nami nilivipinda kimoja kimoja kwa kidole, nikining'iniza chambo, nikimtafuta anayeamkia. Uti wa ukindu kwa siku tulivu. Pembe kwa siku ya upepo. Waya wa breki kwa kamongo, maana kamongo hunyanyua kwanza, kama mtu anayepima uzito sokoni, halafu ndipo achukue.

Kuchagua, kufunga ndoano, kuchomeka mnyoo, vyote vilikuwa vyangu. Baba alikaa tu, macho kwa mjumbe. Wenzake waliokuwa upande wa pili wa ghuba walishika uzi kwa vidole viwili wakafumba macho, wakimsikiliza samaki. Baba alisema hao ni wavivu wa macho. "Mvuvi halisi hagusi uzi," aliniambia. "Anautazama." Nikaichukua kama sheria. Mtoto mwenzangu yeyote niliyemwona ameshika uzi nilimdharau hadharani.

Na nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo ya ajabu. Viazi vikiiva kwenye majivu, sisi tunavirusha mkono hadi mkono, ooh, ooh, Baba anakitoa chake kwenye makaa taratibu kama anayeokota yai. Sufuria aliiepua bila kitambaa. Jioni Mama alimkalisha kwenye kigoda, akashika miguu yake akaikagua, chini, juu, kati ya vidole, akiisogeza kwenye mwanga. Mimi nilifikiri anamtafuta funza. Nilifikiri pia kwamba moto unamwogopa baba yangu. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo, niliona mwenyewe kwa macho yangu.

Rafiki yangu Awino alikuwa na baba mwenye baiskeli. Mnajua watoto. Kila siku baiskeli, baiskeli. Baiskeli ya baba yangu ina kengele. Baiskeli ya baba yangu ilifika Kisumu. Siku moja tulikuwa kwao, kwenye banda la kubanikia samaki, na wanaume kama sita wamekaa wanangoja samaki waive, Baba akiwa mmoja wao. Awino akaanza tena. Ikanichosha.

"Baba yangu anashika moto," nikasema.

"Mwongo!"

"Anaushika na haumii."

"Mwongo kama pua yako."

Nilichukua kigae, nikatia kaa moja, jekundu, nikalibeba mpaka mbele ya wale wanaume. Nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aisikie, "Baba, mwonyeshe Awino."

Alinitazama. Hata sasa nikifumba macho namwona anavyonitazama. Angeweza kusema hapana, nami nikawa mwongo mbele ya watoto wa kijiji kizima. Angeweza kusema ukweli. Hakufanya hata moja. Alinyoosha mkono akaokota lile kaa kwa vidole vitatu, akaliinua.

"Haya, Awino," akasema, "kamwambie baba yako aniletee baiskeli."

Wanaume wakacheka, mmoja akapiga paja. Mimi nilikuwa nimesimama pale kama mke wa chifu. Halafu harufu ikaja, na haikuwa ya samaki. Baba wa Awino ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akasema polepole, "Liweke chini, ndugu yangu. Umelishika sana." Na Baba alipoliweka chini, yule mtu akanyoosha mguu, akaisogeza sinia ya ugali iliyokuwa kati yao. Aliisogeza kidogo tu, shubiri moja. Kila mtu aliona.

Nyumbani kwetu hakuja mtu jioni hiyo. Wala kesho yake. Siku ya tatu akaja msaidizi wa chifu, akasimama mbali, akasema kuna hospitali ya watu wenye ugonjwa huo na gari litapita barabarani. Ndipo niliposikia neno ukoma kwa mara ya kwanza likisemwa juu ya mtu ninayemjua jina. Baba alikuwa amelificha muda mrefu, yeye na Mama. Vidole vyake havikuwa vikisikia chochote, si moto, si uzi, si minyoo. Mimi ndiye niliyekuwa vidole vyake, na nilifikiri ni kwa sababu ni mwepesi.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Nyanya, yule yule wa mwiko, ndiye aliyenipa lile kopo. "Nenda ukavue," akasema, "tutakula nini?" Mkosi hakuutaja tena. Nikaenda peke yangu kwenye lile shimo, nikachagua mjumbe, nikakaa. Watu walikataa kununua samaki wetu, kwa hiyo tulikula wenyewe, mpaka ndugu zangu wadogo wakawa wanalia wakiona mumi. Nilikuwa sigusi uzi. Nilikuwa naendelea na sheria ya Baba, nikifikiri nikiivunja hatarudi.

Alirudi. Mvua zilikuwa zimekuja na kwenda mara nyingi, mimi kifua kimeanza kuota, mafunjo yameanza kulalamika nikipita. Alirudi amepona kabisa, na barua ya daktari ya kuonyesha watu, ambayo wengi hawakujua kuisoma. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole viwili vizima. Vingine vilikuwa vifupi, vimeishia katikati. Nilipoviona nilikimbilia nyuma ya nyumba. Akanifuata huko.

"Unalia nini?"

"Mimi ndiye niliyeleta kaa."

Akakaa chini kando yangu. Akaniambia daktari alimwonyesha watu waliofika pale vidole vilipoanza tu kufa ganzi. Walimeza dawa wakarudi makwao na vidole vyao kumi. "Mimi nilikaa navyo," akasema. "Nikawa navikata, navichoma, sijui, naendelea na kazi. Nilikuwa nimekupata wewe, nikaona nimeshapata dawa." Halafu akanigonga kichwani kwa ule mkono, polepole, kama anayebisha hodi. "Ungelileta lile kaa mwaka mmoja mapema, binti yangu."

Ndiyo maana sikucheka pale mkekani, Elisha alipochomoa ndoano.

"Neema," nikasema, "kaa chini. Kevo, funga mdomo. Elisha, lete mkono."

"Mama, ni kijidonda tu."

"Lete mkono, fumba macho."

Amekuwa mtu mzima, ana ndevu, ana leseni ya basi, lakini alifumba macho. Nikachukua ile springi nyeusi, ile ngumu, nikamgusa ncha ya kidole. "Wapi?" Kidole kingine. "Wapi?" Akasema, "Hujaanza." Nilikuwa nimeshafika kidole cha nne, na nilikuwa sigusi, nilikuwa nachoma.

"Tangu lini?"

"Ni uchovu wa usukani, Mama."

"Sikukuuliza sababu. Nimeuliza tangu lini."

Akafumbua macho, akatazama mlango wa jikoni, maana mkewe alikuwa anakaanga vitunguu humo. "Tangu kabla Neema hajaanza shule."

"Na miguu?"

Akaikunja miguu chini yake.

"Elisha. Na miguu?"

"Na miguu."

"Sasa breki unaijuaje?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Naitazama."

Mtu ana watu hamsini nyuma yake, alfajiri, wamelala vichwa vimegonga vioo, na yeye anainamisha kichwa kutazama mguu wake uko wapi. Kevo anapanda basi hilo kila siku. Uso wake uliisha kicheko, akawa anatazama magoti yake mwenyewe.

Mkwe wangu Consolata alikuwa ameshatoka jikoni, mwiko mkononi unadondosha mafuta. Yeye ni nesi, anapima watu baki mchana kutwa, na mumewe alikuwa akimkwepa kwa zamu: akija huyu, yule anatoka. Hakupiga kelele. Alikwenda chumbani akaleta kile kimashine cha kupimia sukari, akamtoboa kidole, na Elisha hakushtuka. Consolata akasoma kioo cha ile mashine. Akaisoma tena. Akakaa chini na mwiko wake.

"Sukari," akasema. "Elisha, hii sukari si ya leo."

"Wakijua kazini watanitoa kwenye basi," mwanangu akasema. Alikuwa ananiambia mimi, si mkewe. "Mama, wakinitoa kwenye basi, ikama inaisha, tunarudi wote. Neema na shule yake. Wewe mwenyewe. Kila kitu khalas. Nilisema nimalize tu kandarasi hii."

Nilimwelewa. Msidhani mimi ni jiwe. Nilimtazama nikamwona yule mwingine ameinua kaa, anatabasamu ili mtoto wake asiaibike. Na Neema alikuwa amekaa pale pale mkekani, ananiuliza, "Dani, mimi nimemfanya nini Baba?"

"Hujamfanya kitu. Umeona damu ukasema. Umefanya kazi yako," nikamwambia, nikamvuta mapajani.

Halafu nikatoa amri, na kila aliyekuwa ndani ya nyumba ile aliisikia, mpaka Kevo ambaye si wa kwetu. Nikasema: "Consolata, zima jiko, vaa, kliniki haijafungwa. Elisha, funguo za basi mpe Kevo azirudishe kwa mudiri, na umpigie simu sasa hivi, mbele yangu, umwambie ukweli kwa mdomo wako. Akikufukuza, tutarudi ziwani na vidole vyako kumi. Na kuanzia leo katika nyumba hii, anayeumia aseme, na asiyeumia pale panapotakiwa kuuma, huyo apige mayowe."